Naomba ushauri: Nagona imetugawa

Wakuu, naombeni msaada. Tuko watano, tunasoma kitabu kimoja kila mwezi, na mwezi huu tulichukua Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka 1990. Kijitabu chembamba, nikajua jioni moja nakimaliza. Wapi! Waliozoea Rosa Mistika, riwaya yake ya zamani, wanasema hii si riwaya, mzee katuachia mafumbo matupu. Dada mmoja yeye kakisoma mara mbili, kajaza maandishi ya penseli pembeni mwa kurasa, na anaapa hajawahi kusoma Kiswahili kitamu hivyo. Mimi niko katikati: sielewi, lakini kukiweka chini siwezi. Jumamosi ni zamu yangu kuongoza mazungumzo. Nianzie wapi? Niwape na Mzingile, kitabu kingine cha Kezilahabi cha 1991, au ndiyo nitazidi kuwapoteza?