Marafiki wa kalamu: wanachuo wa Marekani wanaojifunza Kiswahili na sekondari ya bweni Morogoro. Nianzie wapi?

Mwalimu_Mgeni

Habari zenu walimu. Nafundisha Kiswahili Marekani kupitia FLTA, mpango wa Fulbright wa kupeleka walimu wasaidizi wa lugha vyuoni Marekani, kwa hiyo niko huku Agosti hadi Mei tu. Darasa langu la mwaka wa pili lina wanachuo 14, na nataka waandikiane barua na wanafunzi wa sekondari moja ya bweni Morogoro. Mwalimu wa Kiswahili wa pale ameshakubali, mkuu wa shule anasubiri andiko. Kidato gani kinafaa? Barua ziende kwa posta au ziskaniwe? Waandike lugha gani? Na ni nini hasa kinachoua programu hizi, maana nyingi nasikia zinaishia barua ya kwanza.

Mzee_wa_Ratiba

Kidato cha Tano, tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Kidato cha Nne usiwaguse, Novemba wana mtihani wa taifa na kuanzia Agosti hawana muda na mtu. Kidato cha Sita nao mtihani wao ni Mei, barua zako za mwisho zitawakuta wakijiandaa. Kidato cha Tano wanaripoti Julai. Chuo chako kikifungua mwishoni mwa Agosti wameshazoea bweni, na mwaka wao unakwenda sambamba na wako. Tena wana umri wa miaka 17 hadi 19, kwa hiyo pengo na wanachuo ni dogo. HKL wanasoma Kiswahili na Kiingereza kwa kina, barua inakuwa sehemu ya somo na haitaonekana mzigo.

Usipange majina wiki ya kwanza. Huko wanachuo wanaruhusiwa kujiunga na somo au kuliacha mwanzoni mwa muhula. Ukipanga mapema, watatu watakuwa wameacha somo na wenzao Morogoro wanasubiri barua isiyokuja. Subiri wiki ya tatu. Na usipange mmoja kwa mmoja: unda vikundi vya wanne, wawili huku na wawili kule. Akipotea mmoja, hakuna anayebaki bila barua. Kwa 14 wako unahitaji wanafunzi 14, na wawili wa akiba.

Barua ziwe tatu kila upande kwa mwaka: Septemba, Novemba, Februari. Watu huahidi moja kila mwezi, ikifika Desemba shule zimefungwa na mchezo umekwisha.

Andiko kwa mkuu wa shule lisizidi ukurasa mmoja: lengo, idadi, tarehe, nani analipa stempu, nani anasoma barua kabla hazijatoka. Ambatanisha fomu ya ridhaa ya mzazi kwa Kiswahili. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo picha na majina ya wanafunzi kwenda nje si jambo la mwalimu mmoja kuamua. Kwenye barua litumike jina la kwanza tu, na anwani iwe ya shule.

Bahasha_Kaki

Posta sasa. Karatasi moja ya kawaida ya huko ina takriban gramu 4.5. Stempu moja ya Global Forever, ile ya Marekani ya barua za nje, inabeba barua ya hadi aunsi 1, gramu 28, yaani karatasi nne na bahasha yake. Lakini kwa nini ubandike stempu 14? Barua 14 za karatasi mbilimbili ni kama gramu 126. Zitie zote kwenye bahasha moja kubwa, inatoka nafuu zaidi. Hatari ni kwamba ikipotea zimepotea zote. Dawa yake: skani kila barua kabla hujafunga bahasha.

Ndani iwe karatasi tu. Mwanachuo mmoja akichomeka kalamu, pipi au bangili, posta yao haiihesabu tena kuwa barua. Ni kifurushi, chenye fomu ya forodha na bei nyingine kabisa. Ikague kwa vidole kabla ya kuifunga.

Anwani: Mkuu wa Shule, jina la shule, S.L.P. na namba yake, Morogoro, kisha TANZANIA peke yake mstari wa mwisho kwa herufi kubwa. Karani wa huko anachotafuta ni jina la nchi. Usiandike jina la mwanafunzi juu ya bahasha, itazunguka kwenye sanduku la shule bila mwenyewe.

Kuhusu majibu, kuna watakaokushauri utume kuponi za kimataifa za jibu, ambazo mpokeaji huzibadilisha posta kwa stempu. Posta ya Marekani iliacha kuziuza 2013. Tuma hela ya stempu kwa mwalimu mwenzako kwa simu, akapimishe bahasha kaunta na aombe rejista ili iwe na namba. Ipe mwezi mzima njiani.

Hakuna_Stempu

Mimi naona posta ni mbwembwe. Simu, programu ya kuskani, faili moja la PDF, unamtumia mwalimu kwa WhatsApp, anachapa. Dakika kumi. Waandike kwa kalamu nyeusi. Penseli kwenye skani haionekani vizuri.

Mama_Insha

Skani ni ya barua ya pili na ya tatu. Ya kwanza iwe karatasi yenyewe, kwa sababu simu haziruhusiwi bwenini, na kilichochapwa hakiwekwi chini ya godoro kikasomwa mara kumi.

Kwenye lugha ndiko penye kazi. Kila mmoja aandike aya mbili kwa lugha anayojifunza na aya moja kwa lugha yake. HKL wakiachiwa watamwaga methali na tashbihi, na mwanachuo wa mwaka wa pili atakwama mstari wa tatu. Wape kikomo: maneno 80 ya Kiswahili, methali moja tu, na maana yake. Waandike herufi zilizoachana pia, vijana wengi wa Marekani hawasomi mwandiko wa kuunganisha.

Wafundishe wako mwanzo wa barua zetu kabla hazijafika. "Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu": asiyeijua atadhani ametishwa. Halafu saa. Mwanachuo ataandika "naamka saa saba asubuhi", na Morogoro watashindwa kujua ni asubuhi ya wapi. Tarehe nayo: 3/4 kwao ni Machi 4, kwetu ni Aprili 3. Mwezi uandikwe kwa jina.

Kubwa kuliko yote ni mwisho wa barua. Kwao ni kawaida kumalizia na neno la upendo juu ya sahihi, kwa hiyo atatafsiri na kuandika "Ninakupenda, Emily". Barua hiyo ikipita kwa matroni, kijana anaitwa ofisini. Waambie ni "Rafiki yako," basi.

Usizijaze wino mwekundu. Sahihisha kinachopotosha maana tu, kama mvulana aliyeandika "nimeolewa".

Mzee_wa_Ratiba

Nimesahau jambo la hela. Kwenye barua ya pili ombi la ada au simu litakuja, na si utovu wa adabu, ni hali halisi. Kanuni itangazwe pande zote mbili kabla ya barua ya kwanza: hakuna kuombana wala kutumiana kitu. Anayesoma barua akiona ombi, amrudishie mwandishi kimyakimya aandike upya. Asilifute mwenyewe.

Na kinachoua programu hizi ni kuondoka kwako. Ukiondoka Mei na kila kitu kiko kwenye simu yako, imekwisha. Mtafute mapema mwalimu wa kudumu wa idara yako huko chuoni, umtie kwenye mawasiliano tangu barua ya Septemba, na Aprili umkabidhi orodha ya vikundi, skani zote na fomu za ridhaa. Kundi jipya la Kidato cha Tano litaripoti Julai wewe haupo.

Mwalimu_Mgeni

Nashukuru sana. Andiko linakwenda kwa mkuu wa shule kesho. Mama Insha, nimezipitia rasimu sasa hivi: "Ninakupenda" ziko nne.