Kupulizia dagaa maji ya mwarobaini yenye silva, kuna anayejua?

MamaDagaa_Kibirizi
Habari zenu wadau, naombeni mawazo. Mimi nauza dagaa huku Kibirizi, Kigoma, nachukua mwaloni wavuvi wanaposhushia, naanika, nafungasha, mwingine nauzia hapahapa mjini mwingine anapanda treni kwenda Tabora. Sasa mvua hizi zimenivuruga, dagaa hakauki, anakauka nusu analowana tena, na wateja wameshaanza maneno kwamba wakila tumbo linakata. Mtoto wa dada yangu anasoma kemia chuo, nilivyomlalamikia akaniambia mama mdogo usihangaike, siku hizi kuna nano, unachemsha majani ya mwarobaini, unachuja, unamimina kwenye maji ya silva naitreti, yaani chumvi ya fedha, ukisubiri yanageuka yanakuwa kama chai ya rangi, hapo ndo zishatengenezeka chembe za fedha, hii hii ya pete na mikufu, ila ndogo mno hata darubini ya shule haizioni. Anasema zinaua salmonela, E. coli na bakteria wenzao wote wa kuharibu tumbo. Nijaze kwenye bomba la mgongoni lile la shamba nipulizie mzigo kabla ya kufunga. Mwarobaini ninao uani, hiyo silva anasema atanitafutia. Je inaua kweli au ni mambo ya kwenye video tu? Na mtu akila fedha kila siku inakuwaje? Halafu mi dagaa huwa namtia na chumvi ya Uvinza kidogo, sijui kama vitagombana.

Kijana_wa_Gungu
Dada inaua tena vizuri tu, fanya. Watu wametengeneza kwa mwarobaini, mlonge, majani ya mpera, mshubiri, mpaka maganda ya ndizi, yote inakubali. Na usidhani ni mambo ya Ulaya, Dk. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela Arusha alishinda tuzo ya Uingereza 2015 kwa chujio la maji lenye nano. Wabongo tukisikia kitu kipya tunakimbilia kuuliza madhara, wenzetu wanapiga hela.

Mkemia_Mwanga
Dada pole na mvua. Kijana wako hajakudanganya, ila amekupa nusu ya habari, na hiyo nusu nyingine ndo inakuhusu wewe.

Majani yana vitu vinaitwa fenoli na flavonoidi, hivyo ndo vinaibadilisha silva iliyoyeyuka majini iwe chembe, halafu vinazivalia hizo chembe koti zisishikane. Chembe moja ni nanomita 1 hadi 100 (milimita moja ina nanomita milioni), wakati bakteria kama E. coli ana urefu wa nanomita elfu moja na zaidi. Labu tunatumia silva naitreti kidogo sana, gramu 0.17 kwenye lita ya maji, unachukua sehemu tisa za hayo maji unatia sehemu moja ya maji ya majani. Rangi ile ya chai wala siyo ya majani, ni silva yenyewe inavyonyonya mwanga, kwenye mashine ya kupima mwanga mchoro unapanda kama kilima pale kwenye nanomita 400 na kitu, unajua imekubali. Zikikutana na bakteria zinaachia ioni za silva, yaani silva yenye chaji ya umeme, ioni zinang'ang'ania protini zake, ukuta unatoboka, ndani kunavurugika, anakufa. Ukipaka bakteria kwenye sahani ya agari, ule utelezi wa kuoteshea bakteria, ukaweka kidoti cha hiyo dawa, kesho yake unakuta duara safi kabisa katikati ya utando wa bakteria. Inapendeza kuangalia, sikatai, na ndo maana video zinasambaa.

Sasa dagaa. Hukumbuki praktiko ya fomu foo, ile ya kutambua chumvi isiyojulikana? Unadondosha silva naitreti kwenye kloraidi, yanatokea mashapo meupe palepale. Chumvi yako ya Uvinza ni kloraidi hiyohiyo. Silva ambayo haijawa chembe itaganda kuwa mashapo, na zile chembe zenyewe kwenye chumvi zinavua koti zinashikana mabonge, rangi inatoka kwenye chai inakuwa kijivu, nguvu kwisha. Hata maji ya bomba tu ukitengenezea yanaweza kuwa na ukungu, maana nayo yana kloraidi, labu tunatumia yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi. Bado protini ya samaki nayo inaidaka silva kabla haijamfikia bakteria. Kwa hiyo kipimo kilichoua kwenye sahani, kwenye dagaa kinaweza kisifanye lolote, itabidi uongeze, na ukiongeza ndo unarudi kwenye swali lako la mlaji.

Mtu akila silva nyingi kwa muda mrefu anapata kitu kinaitwa ajiria, ngozi inageuka rangi ya kijivu-bluu na hairudi tena. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walishatamka tangu 1999 kwamba dawa za silva za kunywa zinazouzwa kiholela hazijathibitika kuwa ni salama wala kuwa zinatibu. Na dagaa huku kwetu si chakula cha sikukuu, mtoto anakula asubuhi na jioni. Zaidi ya hapo, silva naitreti ikikugusa ngozi inaacha doa jeusi la siku kadhaa, ikiingia jichoni ni hatari, sasa wewe na bomba la mgongoni, tena pengine lilishabeba dawa ya pamba huko!

Bi_Mkubwa_Katonga
Mimi nimewasoma nikacheka. Dagaa hajakauka, dawa yake mkampulizie maji?

Mkemia_Mwanga
Hahaha Bi Mkubwa umemaliza, hata mimi hilo sikuliandika. Bakteria bila unyevu hazaliani, wewe unamrudishia.

Kijana_wa_Gungu
Mkuu kwa hiyo tafiti zote hizo wanafanya za nini? Usiwakatishe watu tamaa kisa wewe uko labu.

Mkemia_Mwanga
Sijasema hazina kazi mdogo wangu. Hata hilo chujio ulilolitaja ni la kuchujia maji, hakuna aliyepulizia kwenye ugali. Silva inafaa ikishikizwa mahali isipotoka ovyo, mfano yale machujio ya chungu cha udongo yanapakwa silva ndani, na WHO, shirika la afya duniani, wanasema mpaka miligramu 0.1 kwa lita ya maji ya kunywa inavumilika. Wengine wanaiweka kwenye plastiki ya kufungashia, ila hata hapo inatakiwa upime ni kiasi gani inahamia kwenye chakula. Na kuitumia holela kuna ubaya mwingine, bakteria wanaizoea. Miaka ya 1970 huko Boston wodi ya wagonjwa wa moto walikuwa wanatibiwa kwa silva naitreti, akatokea salmonela asiyeijali. Halafu anayetaka kuuza chakula chenye kitu kama hicho lazima apite TBS, shirika la viwango, chakula kiko kwao tangu 2019.

Na kuna bakteria wa mikononi na puani, Staphylococcus, huyu akishakaa kwenye dagaa mbichi aliyeachwa kwenye joto akatoa sumu yake, hata umuue namna gani sumu inabaki, hata ukichemsha inabaki. Hapo silva itasaidia nini?

Bi_Mkubwa_Katonga
Mwanangu wa Kibirizi, nisikilize mimi ambaye sikusoma kemia. Dagaa wanaoliza watu tumbo ni wa mchangani. Pale chini mbuzi wanapita, kuku wanapita, watoto wanapita, mvua ikinyesha uchafu wote unatiririka chini ya turubai. Nyanyua. Jenga kichanja cha miti, urefu wa kifuani, juu tandika wavu, upepo wa ziwa unapita juu na chini. Mvua ikija unafunika kwa nailoni inayopitisha mwanga, ila pembeni acha wazi asivunde. Anayekauka vizuri ukimkunja anavunjika, akipinda tu usifunge, huyo atakuumbua akifika Tabora. Na ukiona wingu, usinunue mzigo mkubwa, hata kama bei inakuchekea.

MamaDagaa_Kibirizi
Asanteni sana, mmenifungua macho, nitamwambia mwanetu abaki na silva yake hukohuko chuo. Mama wa Katonga, shikamoo. Huo wavu ni wa aina gani, na maji ya kuoshea natumia ya ziwani moja kwa moja, ni sawa?

Bi_Mkubwa_Katonga
Marahaba mwanangu. Omba wavuvi wavu wa dagaa uliochakaa, ule wa matundu madogo, wanautupaga. Uoshe kwanza kwa sabuni, uusuuze, uanike juani mpaka ukauke.

Mkemia_Mwanga
Maji ya pembeni mwaloni hapana, pale ndo wanapooga na kufulia. Tumia ya bomba, kama huna, haya ya ziwa yachote mbali na fukwe uyatie vidonge vya klorini kama vilivyoandikwa kwenye pakiti, subiri nusu saa ndo uoshee. Mikono yako nayo sabuni, na mwenye kidonda kidoleni asishike dagaa wiki hiyo.