Naomba ushauri: nawezaje kuizoea Magma?

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Mimi ni mkazi wa Uyole, Mbeya, na kwa miezi mitatu sasa ninahangaika kuizoea Magma, bendi ya Ufaransa iliyoanzishwa mwaka 1969, ambayo mpiga ngoma wake, Christian Vander, aliibunia lugha yake yenyewe, Kikobaia, inayodaiwa kuwa ya sayari ya kufikirika iitwayo Kobaïa.

Lugha hainisumbui, kwani utotoni niliimba Kilatini kwenye kwaya ya kanisa bila kuelewa hata neno moja. Kinachonishinda ni mapigo. Nilianza na albamu ya Mekanïk Destruktïw Kommandöh ya mwaka 1973, ambamo waimbaji hurudia kipande kifupi tena na tena juu ya besi nzito. Nahesabu kwa vidole mezani, na kabla sijafika mwisho wa mzunguko nimeshapotea. Juzi mke wangu, akimenya viazi, aliniuliza kama ile ni ibada au ugomvi. Sikuwa na jibu.

Je, niendelee kuisikiliza yote kwa mfululizo, takribani dakika 40, au nihamie kwanza kwenye Attahk ya mwaka 1978, yenye nyimbo fupi zaidi? Pia, kwa kuwa Vander humtaja John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazi wa Marekani, kama mwalimu wake, je, kumsikiliza huyo kwanza kutanisaidia, au nitakuwa nimejiongezea mlima mwingine wa kupanda?