Diwani mwenye biashara akitoka nje ya kikao, ndani wanabaki wadaiwa wake

Wakuu, naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka.

Nilikuwa karani wa mfanyabiashara mmoja wa mji mdogo kwa miaka tisa, ni diwani pia, jina simtaji. Kazi yangu kubwa ilikuwa daftari la madeni. Na nawaambia hilo daftari ndo siasa yenyewe, yale ya jukwaani ni kelele tu.

Maisha ya hawa watu nyie mnayaona kwa nje. Anafungua biashara mwenyewe alfajiri, mchana yupo kikaoni, jioni yupo msibani na kafika kabla ya ndugu wa marehemu, usiku mtu akigonga mgonjwa wake kazidiwa gari linatoka hapo hapo hata hela ya mafuta haulizwi. Hayo ni kweli na sitamnyima. Ndo maana ukimkosoa unaonekana una wivu.

Ila mimi nilikuwa upande wa pili wa kaunta. Kwenye daftari walikuwemo madiwani wenzake, alikuwemo mkaguzi wa majengo, na wa manunuzi kapanga kwenye nyumba yake kodi hajalipa sijui tangu lini. Hakuna aliyekuwa anadaiwa kwa ukali. Deni halilipwi, halifutwi, limekaa tu linasubiri. Kuna siku niliuliza hili la fulani tumkumbushe? Nikaambiwa huyo mwache, ni mtu wetu.

Sasa ikija tenda, kampuni ipo kwa jina la shemeji, mheshimiwa anasimama anasema ana maslahi, anatoka nje anakaa koridoni dakika kumi, muhtasari unaandikwa mjumbe alijitoa. Kila mtu anapiga makofi eti sheria imefuatwa. Jamani waliobaki mle ndani ni kina nani?? Si ndo wale wale niliokuwa nawaandika kwa mkono wangu!

Na kazi ikiwa kubwa kiasi cha lazima itangazwe wazi, inamegwa. Jengo moja linakuwa kazi tatu, rangi peke yake, paa peke yake, milango peke yake, kila kipande kinapita chini chini.

Kinachoniuma zaidi ni kijana mmoja wa karakana aliyebahatika kupata hicho kipande cha milango. Alikopa mbao, akatengeneza, akapeleka kwa wakati. Ankara yake ikakaa miezi minane mezani kwa mtu. Anayeweza kusubiri miezi minane ni mwenye mtaji tu, na bosi wangu mtaji anao. Yule kijana aliuza mashine yake ya kuranda. Aliyeinunua mnamjua. Mimi ndiye niliyeandika risiti siku hiyo na ndo siku niliyoamua kuacha kazi.

Msiseme haya ni ya huku kwetu kwenye shida tu. Uingereza kulikuwa na T. Dan Smith, mtu wa biashara ya kupaka rangi majengo aliyepanda mpaka akaongoza halmashauri ya Newcastle, akafungwa miaka 6 mwaka 1974 kwa rushwa za msanifu majengo anaitwa John Poulson, na Poulson naye alifungwa mwaka huo huo. Huyo Poulson hakuwa anakuja na gunia la hela, ilikuwa zawadi, safari, vikazi vya ushauri, mtu anazoea kidogo kidogo mpaka hawezi tena kukataa. Daftari langu lilikuwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo kwangu mimi, diwani kujaza fomu ya kutaja mali zake hakutoshi. Nataka kabla ya kura kila mjumbe aseme kama anadaiwa na mwenye hiyo kampuni, kapanga kwake, au mtoto wake kaajiriwa pale, na iandikwe kwenye muhtasari watu wasome. Na majina ya wamiliki halisi wa kampuni zilizoshinda yabandikwe ubaoni, siyo la shemeji.

Na wewe diwani unayesoma hapa ukiwa na deni lako kwenye lile daftari, akitoka nje mfuate.