Wanaofundisha Kiingereza cha biashara chuo, naomba ushauri
Wakuu habarini, nafundisha Kiingereza cha biashara chuo kimoja hapa Dar. Nikiwapa kazi ya kuandika imeili ya kumdai mteja, mtu anashusha grama safi kabisa ila sentensi ya kwanza tu kashatishia polisi, sasa hapo nakata maksi au naacha? Mimi nimesoma lugha, biashara sijasoma, na wenzetu wa idara ya masoko wanatuona wasahihishaji wa spelingi tu. Dudley-Evans na St John, wale walioandika kitabu cha kufundisha Kiingereza cha fani maalumu, tangu 1998 walisema mwalimu wa aina yetu anafundisha, anatunga kozi, anatafiti, anatathmini na kushirikiana na walimu wa fani, hiyo ya kushirikiana ndo imenishinda, nikiomba kukaa kwenye vipindi vyao naambiwa "utaelewa nini we". Nyie mnafanyaje, mnawang'ang'ania hivyohivyo au mnajisomea biashara wenyewe?