Mtoto huntha: abatizwe sasa, au jinsia ijulikane kwanza?

Mleta mada: Mtoto kazaliwa huntha, viungo vyake havimwambii mkunga kama ni wa kiume au wa kike. Wazazi ni Wakatoliki, wako Kenya, na jamaa wanauliza jina. Wapo wanaosema ubatizo usubiri hadi jinsia ijulikane, wapo wanaosema abatizwe mara moja. Nyinyi mnasimama wapi?

Muuguzi wa wodi ya wazazi: Kabla ya padri kuna chumvi. Kwa mtoto mwenye kromosomu XX, sababu kubwa ya hali hii ni hitilafu ya kuzaliwa nayo katika tezi zilizo juu ya figo. Kimeng'enya cha kutengeneza kortisoli kina kasoro, tezi zinazidisha homoni za kiume, na mtoto anazaliwa akifanana na mvulana. Aina kali hushindwa pia kushika chumvi mwilini. Siku za mwanzo ananyonya vizuri na kila mtu anatulia. Ikifika wiki ya pili au ya tatu anatapika, analegea, uzito unashuka; sodiamu iko chini na potasiamu imepanda hadi kutishia moyo. Huyo anataka dripu ya chumvi na sukari pamoja na sindano ya haidrokotisoni saa hiyo hiyo. Kisha ni dawa maisha yote, na dozi huongezwa akishikwa na homa. Nyumba iliyokwisha kuamini kuna laana itambeba kwenda kwenye maombi, maana kutapika kutaitwa pepo. Na msidanganywe na sura: anayeonekana mvulana lakini korodani hazipapasiki pande zote mbili, asiruhusiwe kwenda nyumbani bila vipimo vya damu.

Katekista: Muuguzi kanirahisishia kazi. Kanuni ya 867 ya Sheria za Kanisa inataka mtoto abatizwe katika wiki za kwanza, na akiwa katika hatari ya kufa abatizwe bila kuchelewa. Hakuna mahali inaposema wangoje daktari. Fungueni na 877, inayotaja yanayoandikwa katika kitabu cha ubatizo: jina, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mashahidi kama wapo, mahali na tarehe ya ubatizo, mahali na tarehe ya kuzaliwa. Jinsia haimo. Hata maneno ya sakramenti, "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu", hayaiulizi. Kiswahili nacho kinatusitiri: ukisema "amebatizwa", hujataja kama ni wa kike au wa kiume.

Jina: kanuni ya 855 inakataza tu lile lisilopatana na hisia za Kikristo. Amani, Tumaini, Baraka, Riziki, yote yanafaa. Msimamizi anaweza kuwa mmoja, wa kiume au wa kike, au wakawa wawili, mmoja wa kila upande. Hapa chukueni wawili. Mkichukua mmoja tu, watu watasoma jinsia ya mtoto kwa msimamizi wake.

Mwenyekiti wa jumuiya: Mwalimu, kanuni umezisoma, wazee hujawasikiliza. Kwa Waluo herufi moja tu hutenganisha Ochieng na Achieng. Kwa Wakalenjin ni Kipchumba au Chepchumba. Kwa Wakikuyu mwana wa kwanza wa kiume humpokea babu mzaa baba, binti wa kwanza humpokea nyanya mzaa baba. Na siku ya kuzaliwa ni vigelegele vitano kwa mvulana, vitatu kwa msichana. Ukimpa Amani peke yake umemnyima ukoo, na mtaa mzima utauliza kwa nini.

Ubatizo siupingi, hapo tuko pamoja. Ninachopinga ni kuandika kana kwamba kuna kundi la tatu. Mwanzo 1:27 inasema mwanamume na mwanamke. Mtoto huyu ni mmoja wa hao wawili, sisi ndio hatujajua. Na kitabu cha ubatizo ndicho kinachotazamwa kabla ya ndoa na upadrisho.

Katekista: Na Mathayo 19:12? "Wako matowashi waliozaliwa hali hiyo toka matumboni mwa mama zao."

Mwenyekiti wa jumuiya: Towashi ni mwanamume asiyezaa. Aya hiyo haikuvushi mto.

Wakili: Mnabishana kama vile serikali haijasema kitu. Kesi ya Mtoto A, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu Desemba 2014, ilihusu mtoto aliyezaliwa 2009 katika Hospitali ya Kenyatta. Kwenye karatasi zake, penye jinsia, pakaandikwa alama ya kuuliza. Sensa ya 2019 ikahesabu huntha 1,524, mara ya kwanza Kenya kuwahesabu. Sheria ya Watoto ya 2022 inamtambua mtoto huntha na kukataza kubadilisha au kuondoa kiungo chake bila ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki. Kwa hiyo kumwita binti kwenye karatasi ni jambo moja, na kumpeleka kwenye kisu ili mwili ufanane na karatasi ni jambo jingine. Jina hubadilishwa baadaye kwa hati rasmi ya kubadili jina (deed poll) na kutangazwa katika gazeti la serikali. Kilichokatwa hakirudi.

Lingine: Oktoba 2014 mahakama hiyo iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua cheti kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Yeye si huntha, ni mwanamke aliyehesabiwa mvulana alipozaliwa. Msitumie kesi yake kumwamulia mtoto wa wiki moja.

Mwenyekiti wa jumuiya: Hilo ndilo ninalohofia, mlango mmoja kufungua wa pili. *Dignitas infinita*, tamko la Vatikani la Aprili 2024, ibara ya 60, inapinga kubadili jinsia, ila inamruhusu mwenye kasoro ya viungo vya uzazi kutibiwa. Roma yenyewe imetenganisha.

Katekista: Imetenganisha tiba, haikufunga kisima. Oktoba 2023 ilimjibu askofu mmoja wa Brazil kwamba hata mtu aliyebadili jinsia anaweza kubatizwa kwa masharti ya waamini wengine, mradi lisitokee kwazo kwa watu.

Mwenyekiti wa jumuiya: Na kwazo hupimwa kijijini, halipimwi Roma.

Mleta mada: Basi wanawake wakifika kesho na uji, wapige vigelegele vingapi?

Muuguzi wa wodi ya wazazi: Wanavyotaka wao. Ila wasimfungue nepi, na mama amrudishe apimwe sodiamu na potasiamu kabla wiki ya pili haijaisha, hata kama ananyonya vizuri.