Treni yetu imegonga trela ya miwa karibu na Kibigori, mbona dereva hakuweza kusimama?

AbiriaWaNakuru
Habari zenu wadau. Nimefika Kisumu tangu juzi lakini mwili bado haujatulia, naomba mtu anieleweshe. Nilipanda treni ya Ijumaa usiku kule Nakuru na mamangu, ana miaka 71 na goti linamsumbua ndio tukaacha matatu. Molo baridi kali, tukajifunika leso tukalala. Asubuhi tumeshapita Muhoroni, miwa pande zote, ukungu bado uko chini, nikaskia honi, moja ndefu haikatiki, halafu breki zikashika tukasukumwa mbele, na bado tunaenda tu. Nimefika kuhesabu 13 ndio mshindo ukaja. Thamosi ya mama ikaruka chai ikamwagika yote. Nilipochungulia nikaona dirisha la behewa la mbele limefunikwa na miwa iliyopondeka, maji yake yanachuruzika kwa kioo na harufu tamu imejaa kila mahali. Dereva wa trekta na tanboi wake (msaidizi wake) walikuwa wameshatoka, hakuna aliyekufa, Mungu ni mkubwa. Tulikaa hapo zaidi ya saa nne, mwisho tukachukua boda hadi lami. Sasa mama ananiuliza kila siku, si aliwaona mbali na akapiga honi, mbona hakusimama?

GadiMstaafu
Pole sana mwanangu, na umpe mama pole zangu. Nimekuwa gadi wa treni kwa hiyo reli miaka mingi, mwambie mama dereva alifanya yote aliyoweza. Gurudumu ni chuma na reli ni chuma, hakuna mshiko kama wa tairi kwa lami, na asubuhi ya ukungu reli ina unyevu, inateleza zaidi. Breki ni ya upepo unaopita kwa bomba kutoka injini hadi behewa la mwisho, na hata zikishika zote uzito wote huo bado unasukuma. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa tu unaweza kuhitaji mita mia kadhaa. Na hawezi kukwepa kama dereva wa gari, yeye ana breki na honi, basi. Hizo sekunde 13 ulizohesabu ndizo ziliwapunguzia nyinyi kishindo.
Kitu kingine, reli ilifika Kisumu 1901, magari hayakuwa huku, barabara ndizo zilikuja kuikata baadaye. SGR, ile reli mpya, wameijengea madaraja, gari linapita juu au chini. Hii yetu ya zamani mashambani huko ni kibao tu, geti hakuna.

Tanboi_Chemelil
Mimi navuta miwa huko huko, wacha niseme upande wetu maana watu wanadhani tunashindana na treni. Mvua ikinyesha marram (changarawe ya barabara) inaoshwa, reli inabaki imeinuka juu kama ngazi. Trekta linapita vizuri, shida ni trela, gurudumu linagonga chuma, mzigo unavuta nyuma na injini inazima. Tanboi anakimbilia kuchomoa pini inayounga trela na trekta ndio trekta liokolewe lakini pini imebanwa na uzito haitoki hata ukigonga na nyundo. Mimi imenipata mara moja, tulikuwa na bahati hakukuwa na treni. Nilitetemeka mikono hadi jioni.

GadiMstaafu
Kijana wangu, hiyo pini iache. Toka, toa kila mtu, na mkimbie mbali na reli, mkielekea upande treni inakotoka lakini kwa mshazari, kwa sababu ikigonga vyuma na miwa vinarushwa mbele kule inakoenda. Kama hujaiona bado, mtu mmoja akimbie kando ya reli kuelekea inakotoka na kitambaa chekundu. Hesabu dakika zako kwa watu, trela ni mabati tu.

MamaWawili_Koru
Mzee shikamoo. Mimi wangu wanavuka reli kila asubuhi wakienda shule. Kabla treni ya abiria kurudi Desemba 2021 huku watu walizoea kuanika mahindi kando ya reli na watoto wanatembea katikati, sasa kuwaondolea hiyo tabia ni kazi, nimewachapa nimechoka. Swali langu, sweta yao ya shule ni nyekundu, wakiona gari limekwama wanaweza kupunga nayo?

GadiMstaafu
Marahaba mama. Wakubwa wanaweza, wadogo hapana, hao wakimbie kumwita mtu mzima. Dereva akiona nyekundu, au kitu chochote kinachopungwa kwa nguvu, anajua ni hatari na lazima ajaribu kusimama. Lakini wasisimame kati ya reli hata kidogo. Wakae kando hatua kumi hivi, mahali pasipo na miwa mirefu ili waonekane, na wapunge hadi waskie breki.

AbiriaWaNakuru
Asante sana mzee. Nimemsomea mama yote, ameniambia nimuulizie kama huyo dereva wa treni naye alipata mtu wa kumpa pole.